Mtutu unashika risasi na shabaha imepotea: anza na maikromita kabla ya ndoo ya maji

Swali: Mtaalamu, huu ni mwezi wa nne nasubu mwenyewe vichwa vya bastola yangu ya milimita 9. Natumia zile risasi za kubalansia magurudumu ya magari. Kalibu ninayomiminia imeandikwa .356, kwa inchi. Mwanzoni nilikuwa naviacha vichwa vipoe vyenyewe, mtutu ukaanza kushika risasi, yaani madini yanaganda ndani yake. Mwenzangu tunayelenga naye akasema vichwa ni laini mno, nikawa navidondosha kwenye ndoo ya maji vikiwa vya moto ili viwe vigumu. Hali imekuwa mbaya zaidi. Nikipiga mara 30 tu naona magamba ya kijivu karibu na chemba, pale inapokaa risasi kabla ya kupigwa, na kwa mita 15 matundu yanatapakaa upana wa sentimita 25, mengine yamechanika kiubavu kama tundu la ufunguo. Risasi za kiwandani zenye koti la shaba zinakaa pamoja vizuri kabisa. Niongeze antimoni? Au mtutu umekwisha?

Jibu: Ndugu yangu, mtutu haujaisha. Mtutu uliokwisha hauchagui: ungetawanya risasi za kiwandani vilevile. Antimoni nayo, yale madini ya kukazia risasi, iache dukani kwanza.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane kwenye maneno, maana Kiswahili chetu kina mtego hapa. Madini tunayaita risasi, na kile kinachotoka kwenye bastola nacho tunakiita risasi. Nikisema *risasi* katika jibu hili nina maana ya madini yenyewe, isipokuwa ninaposema risasi za kiwandani, za koti, bubu, au za kupiga na kutia chemba: hizo ni ganda na kichwa vikiwa pamoja. Kinachoruka kwenda kwenye shabaha nitakiita *kichwa*, na kopo la shaba nyeupe linalobeba baruti nitaliita *ganda*. Nachukulia pia kwamba kibali cha silaha unacho, na kwamba sheria ya unakoishi inakuruhusu kujijazia mwenyewe. Kama hilo hujalihakikisha, lihakikishe kabla hujawasha jiko tena.

Ushauri uliopewa, kwamba mtutu ukishika risasi basi kichwa ni laini, nimeusikia tangu siku ya kwanza niliyoshika kalibu. Unaingia akilini kwa urahisi: kitu laini kinasugua chuma, kinaacha alama. Nami niliufuata msimu mzima. Nilisubu, nikazamisha kwenye maji, nikatafuta risasi ngumu ya herufi za matbaa za zamani, nikapata vichwa unavyoweza kukwaruza kwa ukucha hadi ukucha ukatike, na kila jioni nilikaa saa nzima nang'oa magamba mtutuni. Siku niliyoazima maikromita, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, ndiyo niliyogundua kuwa vichwa vyangu vilikuwa vyembamba kuliko tundu vilimopita.

Tazama kinachotokea ndani. Baruti ikiwaka, gesi inasukuma kitako cha kichwa kwa shinikizo ambalo kwenye milimita 9 linaruhusiwa kufika karibu megapaskali 235. Mtutu una matuta na mifereji inayozunguka. Kichwa kinapaswa kujaza mifereji ile hadi chini, kama kizibo kwenye chupa. Kikiwa chembamba, hata kwa upana wa unywele uliogawanywa mara tatu, gesi inapata njia ya kupenya ubavuni. Gesi hiyo ina joto kali na kasi kubwa. Inakata ubavu wa kichwa jinsi mwali wa gesi wa fundi unavyokata bati. Risasi iliyoyeyuka inatangulia mbele kama mvua ya matone, inaganda kwenye chuma cha mtutu, na kichwa kinachofuata kinaipiga pasi ikashika sawasawa. Ndiyo magamba yako hayo. Na kwa kuwa gesi ina nguvu zaidi pale mwanzo, magamba yanaanzia karibu na chemba, palepale ulipoyaona.

Sasa fikiria kichwa kigumu katika hali hiyo. Kichwa laini kidogo kina bahati moja: shinikizo likikipiga kitakoni kinafutuka kidogo, kikaziba pengo lenyewe. Kichwa ulichozamisha majini kinakataa kufutuka. Ipo kanuni ya kukadiria ambayo wasubu wengi huitumia: chukua ugumu wa kichwa kwa kipimo cha Brinell, zidisha kwa 10, unapata takriban megapaskali zinazohitajika ili kitako kianze kutanuka. Risasi safi ina ugumu wa karibu 5. Risasi za magurudumu za kubana kwa kibanio, zikipoa zenyewe, zinacheza kwenye 11 au 12. Zikizamishwa majini zinaweza kupanda hadi 18 au 20 na kuzidi. Yaani ulikuwa na kichwa kinachohitaji megapaskali kama 115, ukakifanya kihitaji 200, halafu pengine unakijazia baruti kidogo ya kulengea polepole isiyofika huko. Kanuni hiyo ni ya mkono, si ya maabara, lakini inaeleza kwa nini ndoo ya maji ilikuongezea tatizo badala ya kulipunguza.

Yale matundu ya kiubavu nayo yanasema jambo lilelile. Kichwa kimeingia mtutuni, matuta hayakukishika vya kutosha, kimeteleza bila kuzungushwa inavyotakiwa, kimetoka kinapinduka hewani. Ukiokota kimoja kwenye mchanga wa nyuma ya shabaha ukakitazama, nadhani utaona mikwaruzo ya matuta ni mipana kuliko matuta yenyewe, kama tairi lililoburutwa kabla ya kuanza kuzunguka.

Basi tupime. Hapa ndipo wengi wanaponiudhi, kwa sababu wanaleta kalipa ya vernia na kusema "nimepima, ni 9.04". Kalipa nzuri inakosea kwa 0.02 au 0.03 ya milimita, na hiyo ndiyo tofauti nzima tunayoitafuta. Tafuta maikromita. Hata ya mitumba, mradi uihakiki kwa kipande cha chuma ambacho kipimo chake unakijua.

Namba ya kwanza ni ya mtutu. Utoe kwenye bastola, usafishe mpaka uwe mweupe, upake mafuta kiasi. Chukua chubwi ya mshipi wa kuvulia iliyo ya risasi laini, iliyo nene kuliko tundu kwa kiasi kidogo. Iingize kwa kuigonga na nyundo ya plastiki au ya mti, kisha isukume kwa fimbo ya shaba iliyonyooka hadi itokee upande wa pili. Usitumie chuma cha pua. Fimbo ndefu ya mti pia ina tabia ya kupasuka kimshazari na kujikaza humo ndani, na ukifika hapo siku yako imeharibika. Wakati unasukuma, sikiliza mkono. Chubwi inapaswa kwenda kwa ukinzani ule ule mwanzo mpaka mwisho. Ikilegea ghafla katikati, mtutu umevimba au umepanuka pale. Ikikaza kwa ghafla, pana mbano au gamba ulilolisahau. Ikitoka, pima sehemu zilizoinuka, si zile zilizobonyea, maana zilizoinuka ndizo zilizokuwa ndani ya mifereji. Kama mtutu wako una mifereji mitano, maikromita ya kawaida haitakupa jibu kwa sababu kila mfereji unatazamana na tuta. Hapo unahitaji maikromita yenye kitako cha umbo la V.

Mitutu ya milimita 9 haifanani. Kipimo cha karatasi ni 9.02, lakini nimekutana na ya 9.03, ya 9.05, na mmoja uliofika 9.07 kwenye bastola mpya kabisa ambayo mwenyewe alikuwa anaisifia. Koti la shaba halijali sana, ndiyo maana risasi za kiwandani zinakuficha ukweli. Risasi tupu inajali. Kichwa cha kusubu kinatakiwa kizidi mfereji kwa 0.025 hadi 0.05 ya milimita. Kwa hiyo .356 yako, ambayo ni 9.04, inatosha kwa mtutu wa 9.02 peke yake. Mtutu ukiwa 9.05, umejaribu kuziba tundu kwa kizibo cha namba ndogo. Mimi kwa milimita 9 huanzia 9.07, yaani .357, na mara nyingi huishia 9.09, ambayo ni .358.

Namba ya pili ni ya kichwa kinachotoka kwenye kalibu yako, kikiwa kimepoa. Usiamini maandishi ya kwenye kalibu. Mchanganyiko wa risasi unabadilisha kipimo: wenye antimoni nyingi hunywea kidogo ukiganda, risasi safi hunywea zaidi, kwa hiyo kalibu moja inaweza kutoa vichwa vya vipimo viwili kwa sufuria mbili tofauti. Pima vichwa kumi, kila kimoja pande mbili, kwenye mshono wa kalibu na robo mzunguko kutoka kwenye mshono. Vikiwa vya duara la yai, kalibu haifungi vizuri. Mara nyingi utakuta chembe ya risasi imejibana kati ya nyuso mbili.

Namba ya tatu ndiyo hasa sababu ya kuandika jibu refu namna hii, kwa kuwa karibu kila mtu huiruka. Ni kipimo cha kichwa *baada ya kukaa ndani ya ganda*. Tengeneza risasi bubu mbili: ganda lililokwisha kutumika, halina fataki mpya kitakoni, halina baruti. Lipitishe kwenye dai zako zote (vile vyuma vya mashine ya kujazia vinavyolipa ganda umbo) kama kawaida, kikalishe kichwa, bana mdomo kama unavyobana siku zote. Halafu chukua nyundo ya kung'olea, ile unayolifungia ganda ndani yake, uigonge hadi kichwa kitoke, ukipime tena kitakoni.

Nakumbuka kijana mmoja aliyeniletea tatizo kama lako. Vichwa vyake kabla ya kuingia vilikuwa 9.07 safi. Tukavikalisha, tukavigonga, kikaanguka kimoja kiganjani. Hata kwa macho kilikuwa na kiuno. Maikromita ikasema 9.03 kitakoni. Ganda lake lilikuwa limekinyonga kichwa kabla bastola haijakigusa. Alikuwa amenunua kalibu mbili na dai tatu kutibu ugonjwa uliokuwa kwenye pini moja ndogo.

Pini hiyo ni ile ya kupanulia ndani ya ganda. Dai za milimita 9 zinazouzwa kwa wingi zimetengenezwa kwa ajili ya vichwa vya koti la shaba, kwa hiyo pini yake ni nyembamba, inapanua mdomo tu kama tarumbeta na kuacha shingo ikiwa imebana. Koti la shaba linahimili. Risasi inaminywa. Na ganda la milimita 9 lina mwili mwembamba juu na mnene chini, kuta zake zinaongezeka unene kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kitako cha kichwa, sehemu muhimu kuliko zote, ndicho kinachofika penye mbano mkubwa zaidi. Maganda mengine yana hata ngazi ndani. Ukiangaza kurunzi utaiona kama mstari wa duara. Hayo nayatenga, siyatumii kwa vichwa vya kusubu.

Dawa yake ni pini nene zaidi na inayoshuka mbali zaidi: ya 9.02 hadi 9.04 mwilini kwa kichwa cha 9.07, na yenye ngazi mdomoni ili kichwa kisimame wima kabla hujashusha mkono wa mashine. Wengi hutumia pini ya .38 S&W, ile ya rivolva za zamani, ambayo ni nene kuliko ile ya kawaida ya milimita 9. Fundi wa mashine ya kuchonga anaweza kukuchongea pia kama unamwonyesha pini ya zamani na kumpa namba.

Angalia na kubana mdomo. Milimita 9 haishikiliwi na kitako ndani ya chemba. Inasimama kwenye ukingo wa mdomo wa ganda. Kwa hiyo hutakiwi kuuviringisha mdomo ukauma ndani ya kichwa. Unaondoa tarumbeta tu, ganda lirudi kunyooka. Nje ya mdomo pima usizidi 9.65, na ukishuka sana chini ya 9.60 ujue unakikata kichwa. Zipo dai za kubania zenye pete ngumu inayokwaruza ganda zima wakati wa kutoka. Kwa vichwa vya koti ni nzuri, kwa vichwa vyetu zinafanya kazi ileile ya kunyonga. Kama unayo, ing'oe ile pete au iweke kando.

Ukishanenepesha kichwa, usisahau jaribio la kudondosha. Mtutu ukiwa mkononi, mdomo chini, dondosha risasi yako kwenye chemba. Inapaswa kuanguka kwa mlio wa "tik", izunguke kwa kidole, na itoke yenyewe ukiugeuza mtutu. Ikikwama, pengine koo la mtutu, ile nafasi kati ya chemba na mwanzo wa matuta, ni fupi na kichwa kinagonga matuta mapema. Hapo utashawishika kukishusha kichwa ndani zaidi ya ganda. Kwenye milimita 9 nafasi ya baruti ni ndogo sana, na kushusha kichwa kidogo kunapandisha shinikizo kwa kiasi kikubwa. Ukishusha, rudi kwenye jedwali la viwango vya baruti la kichwa hicho hicho na uanze upya na kiwango cha chini kabisa. Jedwali la kichwa cha koti la uzito ule ule si mbadala.

Sasa, vipi kama namba zote tatu ziko sawa na bado mtutu unashika? Tazama magamba yako wapi. Yakianzia kwenye chemba na kufifia mbele, ni kipimo, au koo la mtutu lina ukwaruzo wa kuchonga. Mwanzo ukiwa safi na magamba yakiongezeka karibu na mdomo, kilainishi kimekwisha njiani. Yakiwa yamejipanga kwenye kingo za matuta tu, kichwa kinateleza kwa kuwa ni laini kwa kasi ile. Hapo, na hapo tu, mwenzako angekuwa na haki. Kurunzi ya kalamu na kipande cha karatasi nyeupe ndani ya chemba vinatosha. Risasi inang'aa kijivu cha fedha, chuma kinang'aa cheusi cha buluu.

Kuhusu kilainishi, mchanganyiko wa zamani wa nusu nta ya nyuki na nusu Alox (kilainishi cha viwandani) bado unafanya kazi bora kuliko vijiti vingi vya rangi rangi vinavyouzwa kwa maneno mengi. Ukipiga risasi kumi na kuona nyota ya mafuta imejichora mdomoni mwa mtutu, kilainishi kimefika mwisho wa safari. Mdomo mkavu wa kijivu maana yake hakikufika.

Milimita 9 ni kali kwa msubu, na ni haki kukuambia hivyo. Chukua rivolva ya .38 Special: shinikizo lake la juu ni megapaskali 117 hivi, kichwa kinaondoka kwa mita 250 kwa sekunde, na kwenye mitutu mingi ya Smith & Wesson mfereji unakamilisha mzunguko mmoja kwa karibu milimita 476. Bastola yako inasukuma kichwa kwa mita 330, na mizunguko ya milimita 9 mara nyingi ni mmoja kwa milimita 250. Piga hesabu: rivolva inakizungusha kichwa kama mara 525 kwa sekunde, wewe unakizungusha kama mara 1,320. Kichwa kilekile cha risasi kinadaiwa kushika kona kali zaidi ya mara mbili. Wanaojifunza kwa .38 hudhani wana kipaji. Wanaoanza na milimita 9 hudhani wamerogwa.

Kwa sababu hiyo, kama utaniuliza mimi binafsi, ningekuelekeza kwenye kupaka poda. Ni ile poda ya poliesta wanayopakia fremu za vyuma. Unavitikisa vichwa pamoja na poda kwenye kopo la plastiki, vinashika kwa umeme wa msuguano, unavioka kwenye jiko la umeme kwa joto la 200 °C kama dakika 20, unapata utando mwembamba mgumu usiohitaji grisi wala moshi wake. Kichwa kinanenepa kwa 0.03 hadi 0.08 ya milimita, jambo ambalo kwa kalibu yako nyembamba ni neema. Jiko hilo lisipikiwe chakula tena maisha yake yote. Ili kujua kama poda imeiva, weka kichwa juu ya fuawe ukigonge hadi kiwe bapa: poda inapaswa kutandazika pamoja nacho bila kubanduka. Lakini usije ukadhani poda inasamehe pini nyembamba. Ganda linalonyonga litanyonga na kilichopakwa.

Neno juu ya sufuria yako. Risasi za magurudumu za siku hizi nyingi si risasi. Ni zinki au chuma. Risasi inayeyuka kwa 327 °C, zinki kwa 419 °C. Ukiweka sufuria chini ya 370 wakati wa kuyeyusha mara ya kwanza, vipande vya zinki vitaelea juu vizima na utaviopoa. Ukiiacha ipande, zinki itaingia ndani, risasi itakuwa kama uji mzito, na vichwa vitatoka na makunyanzi na kona za mviringo. Kona za mviringo kitakoni ni sababu nyingine ya kutawanyika, kwa sababu kitako ndicho usukani: gesi ikitoka nyuma yake kwa upande mmoja mapema kidogo kuliko mwingine, kichwa kinasukumwa pembeni wakati ule ule kinapoaga mtutu. Chagua vichwa kwa kutazama kitako kwanza, pua baadaye. Pua mbaya inavumilika. Kama kona hazijai, ongeza bati asilimia 1 au 2 na uipashe kalibu joto zaidi kabla hujafikiria jambo lingine.

Ile ndoo ya maji iondoe kabisa karibu na sufuria. Kwa bastola yako huihitaji, na tone moja likirukia kwenye risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kurusha sufuria nzima usoni. Kama siku moja utataka vichwa vigumu kwa sababu nyingine, fahamu kuwa vilivyozamishwa vinaendelea kuwa vigumu kwa siku kadhaa, na ukivipitisha kwenye dai ya kupunguza baadaye, ngozi ya nje inalainika tena. Yaani unalipa gharama ya ugumu halafu unaifuta palepale inapogusana na mtutu.

Kabla ya kujaribu vichwa vipya, ng'oa kila chembe ya risasi iliyomo, na pia shaba iliyoachwa na risasi za kiwandani, maana shaba iliyobaki kwenye mifereji inakwangua vichwa vya risasi kama msasa. Kwa risasi, zungusha nyuzi za kusugulia sufuria zilizo za shaba halisi kwenye brashi ya zamani na usugue mtutu ukiwa mkavu. Inatoka vipande vipande kama karatasi ya fedha. Nyuzi hizo zijaribu kwa sumaku kwanza, kwa sababu nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Usipige risasi za koti ili "kusafisha" magamba. Unakisukuma kichwa kigumu kwenye mtutu uliopungua upana, na shinikizo linapanda. Kwa mitutu yenye mifereji ya mviringo isiyo na kona, kama ya Glock za vizazi vya awali, jambo hili ni zito zaidi, na mtengenezaji mwenyewe anakataza vichwa vya risasi tupu. Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi ambao watu wanausifia, mimi siugusi: unageuza risasi kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji, ambayo ni sumu, na ukiusahau unakula chuma cha mtutu.

Na risasi yenyewe ni sumu, hata bila siki. Kwenye joto la kusubu mvuke wake ni mdogo; kinachoingia mwilini zaidi ni vumbi, hasa lile la mavi ya risasi unayoyakusanya juu ya sufuria. Subu mahali penye upepo, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo, usivute sigara ukiwa kazini, nguo za kazi zisichanganywe na za watoto. Betri za magari usiyeyushe hata kwa bahati mbaya. Pima kiwango cha risasi kwenye damu mara moja kwa mwaka.

Basi fanya hivi: vichwa vipoe vyenyewe, ugumu wa 11 au 12 unakutosha. Pima chubwi, pima kichwa kabla, pima kichwa baada ya kung'olewa gandani. Kama namba ya tatu ni ndogo kuliko ya kwanza, anza na pini. Kama ni ya pili iliyo ndogo, bandika kipande cha utepe wa alumini usioungua kati ya nyuso za kalibu ili ifunguke kwa sehemu chache za mia za milimita, au hamia kwenye poda, au nunua kalibu ya .358 na dai ya kupunguzia hadi kipimo unachotaka. Halafu niandikie hizo namba tatu, pamoja na upande ambao magamba yalianza.